Kata Kwenye Elfu Tatu

Kartoni imeandikwa wati elfu mbili
kwa rangi ya dhahabu, na chui kaachama.
Fundi Onzima haisomi.
Anaigeuza amplifaya kama mtu akaguaye samaki sokoni,
ananionyesha fyuzi: thelathini.
"Kartoni iliandikwa na mwenye kuuza.
Fyuzi iliwekwa na mwenye kuogopa moto.
Zidisha kwa volti kumi na mbili,
kisha toa karibu nusu, hiyo ni joto.
Kinachobaki ndicho utakachosikia."

Nje, Ipsum yangu imeachwa milango wazi
kama kuku anayeota jua la Arua.
Waya nilionunua mjini ameukwangua kwa wembe:
juu shaba, ndani mweupe.
Alumini iliyoazima kanzu.
"Huu kaanikie nguo."

Kisha akanivuta kwenye fahari yake,
sabufa ya inchi kumi na mbili.
Akaiwasha. Mabati ya kibanda yakatetemeka,
na muuza chapati ng'ambo ya barabara
akaikumbatia trei yake ya mayai.
"Besi ndiyo heshima ya gari, dada."

Nikamwambia sitaki.
Nikamwambia habari za baba.

Miaka thelathini na mmoja kando ya mashine ya kusaga muhogo:
dizeli, mkanda, chuma juu ya chuma.
Besi anayo. Besi ilihamia kichwani mwake,
haikulipa kodi, haikuondoka.
Zilizomtoka ni sauti nyembamba:
birika linapoanza kulia,
mvua ikiwa bado matone,
S, na T, na F.

Kila jioni anasikiliza matangazo ya vifo redioni,
kiganja nyuma ya sikio: "Ongeza."
Naongeza.
Irabu zinavimba, zinajaa gari zima;
herufi za kuzitenga zinabaki nje, zinagonga kioo.

Mwezi wa tatu alimlilia Atiku.
Akavaa koti, nikamwendesha mpaka Ediofe,
tukamkuta Atiku anachambua maharagwe.
Akatuwekea chai. Hakuuliza koti ni la nini.
Na saa ileile, upande wa Terego,
Asiku, aliyebeba naye magunia ujana wote,
anafukiwa bila yeye.

Herufi moja.

Onzima akazima sabufa.
Akafungua bati la biskuti, akatoa krosova
yenye vumbi, ukubwa wa kiberiti.
"Huyu ni askari wa njia panda.
Nene anaishusha mlangoni, kwenye spika kubwa,
nyembamba anaipandisha kwenye twita.
Akisinzia, twita inapasuka kama ganda la karanga.
Wote huniuliza besi ianzie wapi.
Hakuna aliyewahi kuniuliza S inakaa wapi."

Tukaenda kuitafuta.
Amplifaya ndogo, chaneli nne,
wati arobaini na kitu kila njia, za kweli.
Twita juu ya nguzo ya kioo, upande wa abiria,
ikimwelekea mzee kama kidole cha mjukuu.
Nilijirekodi kwenye simu:
Asiku, Atiku, Asiku, Asiku, Atiku.
Baba kitini, kofia magotini,
ainue kidole akisikia Asiku.

Elfu tano: kidole kimelala.
Elfu nne: kikasita, kikainukia Atiku.
Onzima akageuza bisibisi, jasho puani,
akakata kwenye elfu tatu,
twita akaiongezea desibeli sita.
Asiku.
Kidole.
Atiku.
Kimya. Baba ananitazama, kama nimemtania.
Asiku.
Kidole.

Sabufa ilibaki rafuni. Onzima alinidai
pesa ya waya na chakula cha mchana,
akakataa kunitajia bei ya krosova.

Jumamosi, barabara ya Vurra, saa ya matangazo.
Msomaji akakohoa, akakunja karatasi,
na karatasi tukaisikia sote wawili.
Akaanza majina.

"Punguza," baba akasema.

Nikapunguza.
Tukawasikiliza marehemu mmoja mmoja,
na vijiji vyao, na saa za kuzikwa,
mpaka tukaipita Kuluva.