Guro binti Aslak

Mtunza nyaraka alinipa glavu, kisha akazichukua.
"Karatasi inapenda vidole," akasema. "Kanawe tu."
Nikanawa. Nje Bergen inanyeshewa, kama kawaida yake.

Mwaka 1803 unabatizwa, shamba la Brekke,
baba Aslak, mpangaji; mashahidi watano, mmoja kiwete.
Kasisi ameandika *kiwete*
kama anayeandika cheo.

Miaka kumi na sita, kipaimara:
*Anasoma vizuri. Anaelewa kiasi.*
Bibi wa bibi wa bibi yangu,
hiyo *kiasi* imeniuma mimi.

Kisha kimya.
Humo katika ndoa, humo katika maziko,
humo katika orodha ya waliokwenda Amerika.
Wiki mbili nakuzika bila kaburi,
mpaka jirani yangu wa meza, mzee anayefukua deni la babu yake,
akacheka hadi miwani ikamshuka:
"Unatafuta Brekke? Brekke ni shamba, si mtu!
Enzi hizo ukihama, jina unaliacha mlangoni
pamoja na tope la viatu."

Nami mzaliwa wa hapa hapa. Aibu.

Basi nikaliachia shamba, nikamshika Guro.
Ukaja. Guro Sletteli, mkamuaji.
Guro Haugen, mke wa Nils;
watoto wanne, wawili wenye msalaba kando.
Nils akafa maji mwezi wa Machi.
Haugen akapewa mtu mwingine.

Na sensa ya 1865: Guro tu.
Mjane, sitini na mbili, *analishwa kwa zamu*,
siku sita nyumba hii, siku sita ile,
kijiko chako mfukoni.

(Kijiko sikukisoma popote. Nimekitia mimi.
Nisamehe, ukurasa ulikuwa mtupu mno.)

Wahenga walisema mali bila daftari
huisha bila habari.
Nikafuata mstari wako kwa kidole hadi safu za mifugo.
Farasi: hakuna. Ng'ombe: hakuna.
Mbegu za viazi: hakuna.
Kondoo: mmoja.

Nikarudia. Mmoja,
wino mzito, kalamu imegandamizwa
kana kwamba karani alikwisha kuruka,
na mtu akasimama mbele ya meza yake,
akakataa kuondoka.