Kamba Ile Ingebeba Wawili

Siku ya kumi na tisa leo nakata tikiti
mlangoni pa ukumbi wetu wa Guraya,
na mwisho wa ile filamu sijauona.
Bwawa likipasuka mimi nahesabu sarafu.
Mji ukifagiwa mimi nafunga noti kwa mpira,
hamsini kwa hamsini, mia kwa mia,
na yule kijana anapoiachia kamba
ili mpenzi wake avutwe juu ya paa peke yake,
mimi hujua kwa masikio tu:
kwanza kimya,
kisha viti vinalia,
kisha makamasi.

Halafu mlango unafunguka, vita vinatoka nje.

"Kamba ile ingebeba wawili!"
Huyo ni Mwachiti, kuli wa gatini,
amelipa mara nne kuja kuudhika.
Anawaonyesha watu kifundo cha mkono wake.
"Nene hivi! Nimeona gari likining'inia
kwa kamba nyembamba kuliko ile.
Aliyetunga hadithi hii
hajafunga hata fundo la mbuzi."

Bi Rukiya wa viazi karai,
ambaye ndani hajatia mguu,
anamjibu bila kuinua macho kwenye mafuta:
"Kwani kamba ndiyo iliyoachia? Kaachia mtu.
Apendaye hapimi unene."
"Na wewe mumeo alikuachia nini?"
"Karai hili," asema Bi Rukiya,
na foleni nzima yacheka, hata Mwachiti,
ambaye mara anakumbuka amekasirika.

Badi wa Kisauni ataka arejeshewe pesa zake.
"Mafuriko niyalipie shilingi hamsini,
na yetu ya masika yaingia hadi kitandani bure?
Mbona sisi hatupigwi busu yakifika magotini?"

Wasichana wawili wa Tudor
wametoka wameshikana, macho mekundu.
"Mimi ningeruka nikamfuata," asema Dzame.
"Umfuate wapi? Majini?"
"Popote."
"Mimi ningepanda. Ningeishi, nikaolewa,
na mwanangu wa kwanza nikampa jina lake."
"Basi hukumpenda."
"Basi wewe hujampenda mamako."
Waliachiana mikono papo hapo.
Nasikia hadi Makupa hawakusemezana.

Mwalimu Shekue ndiye hutoka wa mwisho,
miwani mkononi, aifuta na shati.
Jana alisimama mbele ya kidirisha changu
kana kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza.
"Mji mzima umekufa mle ndani," akasema,
"na sisi twalilia wawili.
Kuna mwanamke nyuma, kwenye ngazi,
amebeba kuku. Yuaonekana kidogo tu, ukikohoa umemkosa.
Nani amemuuliza jina?"
Hakungoja jibu. Alinunua kiazi kimoja
akaenda nacho bila pilipili.

Usiku wa leo nimeziacha sarafu mezani.
Nimesimama nyuma ya pazia
lenye harufu ya vumbi na mabuyu,
moyo wangu ukinidunda kama mwizi.
Maji yakaja. Nikaitafuta ngazi.
Yupo.
Kanga, hapana, si kanga, ni shuka la kwao,
limemganda mapajani,
na maji yanapomfika kidevuni
anamwinua kuku juu ya kichwa,
mikono yote miwili,
kama mtu anayempokeza jirani dirishani.
Hakuna jirani.
Picha ikahama.

Hapo ndipo watu walipoanza kulia,
nikajua kamba imeachiwa.
Sikuangalia. Nilikuwa bado ngazini.

Nje wakanizunguka.
"Wewe mwenye tikiti, leo umeiona! Wasemaje?
Kamba ingebeba wawili, haingebeba?"
"Kuku," nikasema.
"Nini?"
"Kuku."
Mwachiti akamtazama Bi Rukiya.
Bi Rukiya akanipa kiazi, hakunidai.

Hesabu ya usiku imepungua shilingi arubaini.
Tajiri atazikata kwenye mshahara, keshasema.
Sikubisha.
Tikiti ni hamsini.