Chokaa ya Siku Moja

Jiwe la matumbawe likiungua huwa jeupe.
Mji ukiungua huwa mweusi.
Nimeyaona yote mawili, mimi Mwidani wa Shee,
mchoma chokaa wa Mvita,
mwana wa aliyemwagia maji kuta zinazofuka,
na mwaka huu nalipwa gora la kaniki
niwapakie lipu waliouwasha.

Mchoraji alishuka kutoka Goa na masanduku saba,
sita ya rangi, moja la dawa za tumbo.
Bastiau, mwembamba kama ufito.
"Fundi wangu," alisema, "alifundwa na fundi
aliyefundwa Florensi, mji wa wabadili fedha.
Huko tajiri akinunua ukuta
hununua na mahali pa kupiga magoti ndani yake,
mikono imefumbatwa, uso umeoshwa deni."
Nikamuuliza, "Na mpaka lipu je?"
Akacheka. Akaomba maji.

Kumbe kazi yake haianzi bila yangu.
Rangi hunywewa na chokaa mbichi;
ikikauka imefunga kinywa, hainywi tena.
Basi kila alfajiri nampakia kipande
cha kumtosha hadi magharibi,
si shubiri zaidi.
Siku ya mkono wa Bibi Mariamu, dhiraa moja.
Siku ya mbingu, ukuta mzima: mbingu haina vidole.
Siku ya uso, kiasi cha sinia.
Nikajua kumpima mtu kwa chokaa.
Akiamka na homa, nachanganya nusu.

Padri alitaka buluu zaidi.
Mhasibu wa ngome akasema buluu hiyo
ni bei ya makasha mawili ya risasi.
Kapteni akataka awe mmoja wa wafalme watatu
wanaomletea mtoto zawadi,
tena awe wa mbele, tena asichorwe upara.
Wakagombania bei ya mbingu
mbele ya ukuta unaokauka,
nami nanyunyiza maji, nanyunyiza,
nasema kwa lugha yangu: malizeni, chokaa haina adabu ya kungoja.

Mfalme wa tatu alibaki hana uso.
"Kaa hapo penye nuru," Bastiau akaniambia.
Nikamwambia kwetu hatuchori chenye roho.
"Sichori roho," akasema. "Nachora pua."

Siku moja, basi, nikawa mfalme.
Kilemba nisichowahi kukifunga,
kikombe cha dhahabu mkononi,
na chini ya kucha (aliona, mlaanifu yule!)
chokaa, nyeupe, kama ilivyo.

Usiku ule Mwanamvua alinigeuzia mgongo.
"Siku ya kiyama ataambiwa yeye autie pumzi.
Lakini wewe utaulizwa: ulikaa kwa nini?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimechoka, na kiti kilikuwepo.

Kapteni alikuja kukagua magoti yake.
Akahesabu wafalme: mmoja, wawili.
Kwa wa tatu akasimama.
"Huyu si yule wa ndoo?"
Bastiau hakubisha. Mshahara wa miezi minane
alikuwa bado hajautia mkononi.
Akatazama viatu vyake. Huko Florensi pia, nadhani,
hutazama viatu.

Nikatumwa mimi, kwa kuwa ndiye nijuaye lipu.
Nyundo ndogo, patasi.
Nikakiondoa kilemba, kisha jicho, kisha ile pua.
Sikuhisi kitu.
Nilihisi kidogo.
Nikapaka mbichi, kiasi cha sinia,
na kufikia adhuhuri Bastiau akawa amemweka hapo
mpwa wa mhasibu, shavu nono,
mtu asiyewahi kubeba hata mkoba wake.

Ila amri ilikuwa ya uso.
Mkono haukutajwa.

Hadi leo mpwa wa mhasibu ashika kikombe kwa vidole vyangu,
kucha zimejaa chokaa,
na kila Jumapili Kapteni, padri na mhasibu
huzipigia magoti.

Mwanamvua sijamwambia.