Saa Ile Ile

Ghala, saa saba usiku. Kiyoyozi kinakohoa.
Nafungua programu ya zamu za falaji, Birkat al-Mauz,
na harufu inanipokea mlangoni:
fungu moja, mistari mia tisa,
kigeu kiitwacho x, mdogo wake x2,
hesabu ile ile imenakiliwa mahali kumi na moja,
na Muhanna, kabla ya kuhamia Doha, kaacha onyo:
"Usiguse. Inafanya kazi, sijui kwa nini."

Nagusa.
Kama mtu anayechambua mchele wa mkwewe, punje kwa punje.
x naipa jina: zamu ya usiku. Najaribu. Kijani. Nahifadhi.
Nakala mbili nazifanya moja. Kijani. Nahifadhi.
Ya tatu,
nyekundu.

Narudi hatua moja tu, maana nilipiga moja tu.
Kumbe haikuwa nakala: ina dakika tano zaidi,
haki ya msikiti,
imejibanza humo miaka yote bila jina.
Naiandika: wakfu. Kijani.

Alfajiri maji yakaingia mitendeni kwa Bi Ghaniya
saa ile ile ya jana.
Hakujua kitu.
Ndivyo nilivyotaka.