Kukaa Mara Mbili

Pikapu yangu iko juu. Niliinyanyua mwenyewe,
nikaivalisha matairi ya shamba
kwa ajili ya tope la Kivule wakati wa masika,
enzi nina miguu miwili na majivuno.
Sasa nina mmoja, na gongo la alumini,
na majivuno yaleyale.

(Ni otomatiki. Pedali ya mafuta ilihamia kushoto mwaka jana;
mguu uliobaki umejifunza kazi ya ndugu yake.
Kuendesha si tatizo. Tatizo ni mlango.)

Kila siku saa kumi na moja alfajiri
vijana wawili wa bekari wananishika makwapa:
"Mama Sikudhani, moja, mbili..."
na ya tatu napaa
kama gunia la ngano,
natua kitini khanga imepinda,
mikate mia nne nyuma yangu imenyamaza.
Wanacheka kwa upendo. Ni upendo, najua.
Lakini kwapa nalo lina heshima yake.

Nikaenda Gerezani kwa fundi Mbonde,
mtu aliyeunguza nyusi zote mbili
na hajazikumbuka.
Nikamwambia, nataka kupanda mwenyewe.
Akasema, hilo tu? Kesho.
Kesho ya Gerezani ina siku tisa.

Siku ya tisa akanionyesha kipago:
bomba la inchi mbili, bati lenye vipele,
rangi ya fedha bado inanata.
Nikakitazama. Kilinifika gotini.
"Fundi, ulimpima nani?"
Akatazama viatu vyake.

Sikuongeza neno. Ni yeye aliyechukua mpira,
ule wa tyubu, wa kufungia mizigo,
akaufunga mguu wake wa kulia, kisigino kwa paja,
akaniomba gongo.
Nyundo zikasimama, banda hata banda.
Akajaribu. Akaning'inia mlangoni
kama shati lililosahauliwa kambani.
Akajaribu tena, akaangukia mabomba,
na hakuna aliyecheka, hata muuza kahawa.
Akaufungua mpira, akasugua goti,
akatoa futi mfukoni.
"Mama, nipe kiganja. Nyoosha mkono.
Ukishakaa, gongo linalala wapi?"
Maswali ambayo hospitali, na faili langu lote nene,
haikuwahi kuniuliza.

Akakikata kipago chake kwa msumeno, bila huruma.
Akaanza upya.
Saa sita umeme ukakatika,
kazi imeshikwa na doa moja tu la moto.
Tukasubiri. Tukala mihogo ya kukaanga
na pilipili iliyotupa machozi ya halali.
Akasema huku akilamba chumvi vidoleni:
"Wewe hupandi, mama.
Wewe unakaa mara mbili."

Alikuwa ananitengenezea kigoda.
Kigoda cha chuma, bawaba za geti kuukuu,
cha kukunjuka mlango ukifunguliwa
na kujikunja nikimaliza.
Mshikio juu, umezungushiwa mpira wa baiskeli
jasho lisiniteleze.
Ndoano ya gongo pembeni mwa kiti.
Rangi hakupaka. Alisema itaisha tena
kabla sijajua panaponiumiza.

Leo alfajiri vijana wakaja,
mikono imeshatangulia, kwa mazoea.
Nikawapa mkoba washike.
Nikageuza mgongo. Nikakaa, mara ya kwanza,
chini kule, karibu na harufu ya tairi.
Nikashika. Nikavuta. Bega likalalamika,
khanga ikanasa kwenye nati
(nitamwambia Mbonde aikate,
nikimpelekea elfu thelathini iliyobaki),
nikavuta tena, na nikakaa, mara ya pili.

Dakika tatu nzima, mikate inapoa.
Wale wawili wamesimama, mkoba katikati yao.
Mmoja akauliza, "Sasa sisi tufanye nini?"
"Fungeni turubai," nikasema,
nikawasha.