Sababu ya Likizo

Fomu ya likizo ina mstari mmoja tu wa sababu,
mfupi kama kidole gumba.
Niliandika: mapumziko.
Mhasibu mkuu akagonga muhuri bila kuinua macho.

Siku nne Tanga. Chumba kimoja Chumbageni,
feni inayolia kama bata,
na mwenye nyumba, Bi Mwanahija,
aliyeuliza mlangoni kabla salamu hazijaisha:
"Hawa watoto wanakula pweza?"
Watoto wa Dodoma. Wakanitazama mimi.
Mimi nikamtazama mama yao.

Siku ya kwanza tulioneana haya.
Nilizoea kuwaona wamelala:
natoka wamelala, narudi wamelala,
nikipima umri wao kwa miguu inavyochungulia shuka.
Sechelela akaniuliza, kwa adabu ya mgeni,
"Baba, wewe unapenda chai ya rangi au ya maziwa?"
Miaka tisa.
Chai.

Asubuhi, Raskazone, bahari haikuwepo.
Ndahani akasimama ukingoni, amenuna:
"Nani kaichukua?"
Nikaanza na mwezi, nikaja kwenye kupwa na kujaa,
nikakwama kama punda kwenye tope.
"Sijui vizuri," nikasema.
Uso ukamkunjuka. Akanishika mkono,
na hapakuwa na barabara ya kuvuka,
tukaenda kuitafuta,
matope hadi magotini, kaa wakitukimbia upande.
Saa nane ikarudi yenyewe, haikuombwa na mtu,
ikamkuta na kaptula ya shule.
Hakuwa na nyingine.

Kwenye mapango ya Amboni mwongozaji alizima tochi
ili tuone giza lenyewe.
Popo wakapita. Mtu akapiga ukunga.
Alikuwa mimi.

Yuditha alicheka mpaka akakaa chini,
kicheko nilichokuwa nimekisahau
kama ufunguo wa sanduku lililouzwa.
Usiku, feni ikilia, Sechelela akasogea kwenye mto wangu:
"Na mimi naogopa. Kusoma kwa sauti, darasani."
Tangu lini?
"Tangu la pili."
Yuko la nne.
Sikumpa mawaidha. Nilimwambia habari za popo, upya,
jinsi mabawa yalivyonigusa sikio,
naye akanisahihisha: "Hayakukugusa, Baba."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Bi Mwanahija hakuwa na jembe. Akasema:
"Nazi hizo hapo. Nileteeni mbuzi, yuko uani."
Ndahani akatoka mbio na kamba.
Alizunguka uani, akachungulia chooni, akaita kwa mluzi
kama tunavyoita kwetu,
hadi akaonyeshwa kibao chenye ulimi wa chuma.
Akakikalia. Akakuna nazi, na kidole kidogo.
Wali ule tuliula na damu yake kidogo, kwa heshima zote.

Jioni tukakodi baiskeli Ngamiani kwa fundi mmoja bubu wa asubuhi,
maana, alisema, huwa haongei kabla ya saa sita.
Nilidhani nitamfundisha mtoto.
Lakini Yuditha akasema, chini chini, "Na mimi sijui."
Miaka thelathini na sita.
Basi watoto wakashika kiti, mmoja huku, mmoja huku,
wakamrudishia maneno yake mwenyewe:
Usitazame chini. Tupo. Usitazame chini.
Akaanguka mara mbili.
Mara ya tatu akaanguka mbali zaidi.

Tulirudi kwa mashamba ya mkonge,
mistari imenyooka kama leja yangu.
Hesabu haikufunga:
pazia halikununuliwa, uji bila sukari hadi tarehe ishirini na tano.
Nimekaa nayo mara tatu. Haifungi.

Natoka bado wamelala. Narudi bado wamelala.
Ila jana usiku, mezani, palikuwa na kikombe
kimefunikwa kisahani:
chai ya rangi, tangawizi nyingi kupita kiasi,
imepoa kabisa.

Nikainywa nimesimama, gizani, yote.