Kisigino Kwanza

Danstan Mlugu anataka milioni sita,
na rangi bado inanuka.
Rangi mpya juu ya mashua ya miaka thelathini:
hapo ndipo nilipovua viatu.

Imekaa juu ya mapipa, nyuma ya kambi ya zamani, Mtera.
Mlingoti umelazwa ubavuni kama mgonjwa aliyesusa chakula.
Bwawa limerudi nyuma nusu kilomita,
limeacha visiki na matope yaliyopasuka.
"Haijaona mvua tangu Aprili," anasema.
Sikumuuliza kuhusu mvua.

Mimi nilikulia juu ya paa.
Tembe letu kule Mvumi halikuwa na bati,
lilikuwa na miti, fito, nyasi, na udongo juu yake,
na kila mwaka kabla ya kifuku
mama yangu Mbeleje alinipandisha, mwepesi kuliko wanawe wote,
yeye akabaki ndani, ameinua uso gizani:
"Kisigino kwanza. Usikanyage kama unacheza.
Kanyaga kama unadai."
Palipo pazima hunijibu mfupani.
Palipooza hunipokea.
Ogopa sakafu inayokupokea.

Basi nikaanzia omo.
Kisigino, nusu hatua, kisigino.
Kisha mpini wa bisibisi: ko, ko, ko,
faibaglasi juu na chini, mbao katikati, bado vimeshikana,
ko, ko,
mpaka kwenye chuma cha kufungia kamba.
Pu.
Nikarudia. Pu.
Kama kugonga boga lililosahauliwa ghalani.
Nikachora kwa chaki.

"Hiyo ni rangi tu, haijakauka vizuri."
"Bwana Mlugu, rangi haina tumbo."

Aliyefunga kile chuma alitoboa matundu manne,
akayajaza silikoni, akaenda zake.
Silikoni ikakauka, ikaachia pembeni.
Tundu moja la skrubu linatosha.
Maji hayana haraka, yana kifuku baada ya kifuku,
yanatambaa ndani ya mbao ambako jua halifiki,
na juu yake watu wamekaa, wanakunywa chai, wanasifu upepo.

Chaki ikatoka kwenye chuma ikaenda dirishani,
ikazunguka dirisha,
ikafika mguu wa mlingoti, na hapo ikagoma kutoka.
Hapo hapo
ambapo tanga huegemeza uzito wake wote.

Nikafungua skrubu moja.
Ilitoka bila ubishi.
Nyuma yake, mwezi wa Oktoba, mkoa wa Dodoma,
mwezi ambao ng'ombe hulamba mawe,
yakatoka maji.
Kahawia, polepole,
yananuka kama mtungi uliofunikwa mwaka mzima.

Mlugu akaitazama chaki. Si mimi, chaki.
Akapanda, akatembea kutoka tezi hadi omo,
na miguu yake, yenyewe, ikauzunguka ule mchoro,
haikugusa mstari.
Akasimama. Akageuka kuangalia alikopita.
"Miaka minne," akasema,
"napita pembeni, na sikujua kama napita pembeni."

Kwetu ilikuwa kona ya kaskazini.
Sote tuliikwepa tukibeba mtama wa kuanika,
hakuna aliyesema kitu,
mpaka usiku mmoja wa Februari iliposhuka juu ya ndama wawili
na kitanda cha kaka yangu Lameki,
ambaye kwa bahati alikuwa nje anakojoa.
Mama hakulia. Alihesabu fito zilizobaki.

Nami nikahesabu. Ganda la chini, gumu. Omo, nzima. Tezi, nzima.
Katikati: kukata, kukausha, mbao mpya,
wiki sita na milioni mbili zangu.
"Tatu na nusu," nikasema. "Na mlingoti utolewe juani."
Hakujibu.
Mashua nyingine ya tanga huku hakuna,
na mnunuzi mwingine hakuna pia.
Tulijua sote.

Skrubu ilikuwa bado mkononi.
Ningeweza kuirudisha, nikaikaza,
sitaha ionekane nzima mpaka kesho.
Nikaitia mfukoni.
Tundu nikaliacha wazi, lipumue.